Kariakoo: Kutoka Kambi ya Wapagazi Hadi Mtaa wa Dansi

Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike habari za mahali hapa Dar es Salaam panapojulikana na kila kizazi cha shule yetu, sikuhitaji kufikiri sana. Wapo ndugu zetu waliosoma kabla ya Uhuru, wapo waliosoma zama za Azimio, na wapo vijana walioko madarasani leo. Wote hao, siku ya Jumamosi wakipewa ruhusa ya kutoka, wamekwenda Kariakoo. Wengine walikwenda kununua madaftari, wengine viatu, na wengine, tuseme kweli maana walimu wetu wa nidhamu wamekwisha kustaafu, walikwenda kusikiliza muziki.

Nina sababu nyingine ya kuandika. Nayo nitaieleza mwishoni, kwa kuwa si ya kujivunia.

JINA NA ASILI YAKE

Vijana wengi hudhani Kariakoo ni neno la Kizaramo. Sivyo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga hapo soko, lakini vita vilianza kabla soko halijatumika. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916 wakaligeuza kuwa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waswahili wakalitamka jina hilo kwa namna iliyowafaa ulimini, likawa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba risasi na chakula cha jeshi kwa vichwa na mabega, na makumi ya maelfu yao walikufa katika Afrika Mashariki nzima, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kwa hiyo mtaa huu tunaouona wa furaha na biashara una jina la watu walioteseka. Hata Mtaa wa Narung'ombe una jina la mahali nyuma ya Kilwa palipopiganwa vita vikali mwezi Julai 1917.

Utawala wa Kiingereza uliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi ili kutenganisha. Wakazi wa Kariakoo wakajenga nyumba za Kiswahili za vyumba sita: vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Naomba msomaji aikumbuke nyumba hiyo, kwa maana ndiyo iliyoulea muziki ninaotaka kuueleza. Chumba kimoja kilitosha kuhifadhi vyombo vya bendi, ua ulitosha kufanyia mazoezi, na barazani palikuwa na nafasi ya kila mpita njia kusikiliza na kukosoa.

NGOMA, KILABU NA SIASA

Kabla ya dansi ilikuwapo beni. Hizi zilikuwa ngoma za vyama zilizoiga gwaride na tarumbeta za kijeshi, zenye wafalme na majenerali wao, na mashindano makali kati ya Marini na Arinoti. Baadaye vijana waliosoma wakaanza kupenda dansi ya kushikana, waltz na foxtrot. Mwaka 1932 ikaundwa Dar es Salaam Jazz Band. Miaka hiyohiyo zikaanza kufika sahani za santuri zenye muziki wa Kuba, na rumba ikaingia mwilini mwa watu wa pwani kama iliyokuwa imesafiri tu na sasa inarudi nyumbani.

Unywaji nao ulikuwa na sheria za rangi. Pombe kali ilikuwa haramu kwa Mwafrika kwa amri ya serikali, si ya dini. Pombe ya kienyeji ilipikwa na kuuzwa kwa kibali, mahali palipoamriwa, na aghalabu wapishi wake walikuwa wanawake waliosomesha watoto kwa fedha hiyo. Kwa hiyo kilabuni palikuwa zaidi ya mahali pa kulewa. Hapo ndipo mtu aliyetoka bara alipopata habari za kwao, za kazi bandarini na za chumba cha kupanga.

Tusishangae basi kwamba siasa ilipoanza ilipita njia za ngoma. TANU ilizaliwa hapohapo Kariakoo mwaka 1954, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji hodari wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alivitumia vikundi vya ngoma vya wanawake kuandikisha wanachama. Wasomi walikuwa na katiba na mihuri, lakini waliokuwa na watu ni akina mama wa ngoma. Sisi tuliopitia vyuo tulikumbuke jambo hilo kila tunapoandika historia.

BENDI NA WENYEWE

Karibu na Uhuru bendi zikazidi. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilianza 1958, na Western Jazz ya Iddi Nhende 1959. Zilikuwa bendi za klabu: wanachama walitoa ada, vyombo vilikuwa mali ya klabu, na wapigaji wengi walikuwa na kazi nyingine mchana. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaunda bendi yake na kuwalipa wanamuziki mshahara. Hilo lilikuwa badiliko kubwa. Mpiga gitaa akawa mtumishi kama karani, mwenye likizo. Mashirika mengine yakafuata, na kwa miaka ipatayo ishirini dola na mashirika yake ndiyo yaliyokuwa mwajiri mkuu wa wanamuziki hapa mjini.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Dar es Salaam Jazz ilikuwa na Mundo, Western walikuwa na Saboso, NUTA wakaja na Msondo. Ndugu zetu waliotoka Kongo, akina Maquis, wakaleta Ogelea Piga Mbizi. Mwaka 1978 ikaundwa Mlimani Park, iliyochukuliwa na shirika la DDC mwaka 1983. Mtindo wao, Sikinde, ukachukua jina la ngoma ya Kizaramo. Ndipo mji ukagawanyika: Msondo huku, Sikinde kule, kama Simba na Yanga. Wapo wanandoa waliokwenda kumbi mbili tofauti usiku mmoja na kukutana nyumbani alfajiri bila ugomvi.

Wimbo wa dansi ulikuwa na mpango wake. Kwanza ulikwenda taratibu ili maneno yasikike, kisha tarumbeta zikajibizana na gitaa, halafu likaja chemko, na hapo hata aliyekaa na bia yake husimama. Maneno yalikuwa ya kuonya, kulalamika na kufundisha. Katika miaka ya shida baada ya vita vya Kagera, bia ilipokuwa haba na sabuni haba, kumbi ziliendelea kujaa. Mtu alikunywa chupa moja usiku kucha, lakini hakuukosa wimbo mpya.

MABADILIKO

Mimi niliingia Kidato cha Kwanza Januari 1995. Mwezi Machi mwaka huo akafariki Marijani Rajabu, mzaliwa wa Kariakoo, akiwa na umri wa miaka 40. Nakumbuka mwalimu wetu mmoja alisimama mbele ya darasa bila kufungua kitabu, akasema, "Leo mniwie radhi." Sisi watoto hatukuelewa. Tulikuwa tumeanza kuimba nyimbo za kufokafoka, na muziki wa dansi tuliuona ni wa baba zetu.

Lakini wakati uleule mambo yalikuwa yakibadilika upesi. Mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa au kufungwa, na bendi zikaachwa zijitafutie. Redio na televisheni za watu binafsi zikaanza. Kanda za kunakiliwa ziliuzwa hadharani, nje kabisa ya mitaa walikoishi waliozitunga, na Sheria ya Hakimiliki ikaja 1999, wengi wao wamekwisha kuchoka. Bongo Fleva ikapata vijana, nayo ni haki yake, kwani kila kizazi kina ngoma yake.

Kariakoo yenyewe ikapanda juu. Soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975 lilikuwa fahari yetu, hata moto ulipoliunguza Julai 2021. Pembeni yake nyumba za vyumba sita zikabomolewa moja baada ya nyingine, zikainuka ghorofa za maduka. Ardhi ikawa ghali kiasi kwamba mzee mwenye baraza hakuweza tena kusema hapana. Novemba 2024 tuliona jengo moja la ghorofa likiporomoka na kuua watu zaidi ya ishirini, tukakumbushwa kwamba haraka ina gharama.

SABABU YANGU

Sasa niseme ile sababu. Nilipokuwa Kidato cha Tatu nilizoea kupita kwenye nyumba moja ambamo wazee watano au sita walifanya mazoezi jioni, gitaa mbili na tarumbeta moja. Zamani ilikuwa nyumba ya klabu ya dansi. Ukutani palikuwa na picha za wanamuziki waliovaa suti nyeupe, na daftari kubwa la wanachama lilikaa juu ya kabati. Mzee mmoja alininunulia soda akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe unasoma. Siku moja utuandike." Nikajibu, "Nitaandika, babu."

Mwaka 2019 jalada la kubomoa nyumba lilifika mezani kwangu kazini. Lilikuwa na nambari ya kiwanja, ramani na stakabadhi, vyote sawasawa. Nikatia sahihi kabla ya chakula cha mchana. Baadaye nikipita mtaani kununua chaja ya simu ndipo nilipotambua kwamba duka nililosimama mbele yake liko pale palipokuwa na baraza ya wale wazee. Nikamwuliza mwenye duka kuhusu picha na daftari. Hakujua ninazungumzia nini. Sheria sikuivunja, na pengine nyumba ingebomolewa hata mimi nisingekuwapo. Lakini ningeweza kwenda siku moja kabla, nikachukua daftari lile.

Kwa hiyo nina ombi, na nimekwisha kulifikisha kwa mwalimu wa Chama cha Historia. Kila mwanafunzi wa Dar es Salaam amwendee babu, bibi au jirani mmoja, amwulize majina matatu: kumbi alizocheza, bendi aliyoipenda, na watu walio katika picha zake. Aandike nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi. Nanyi wakubwa wenzangu, mlioshabikia Msondo na Sikinde, msingoje kuulizwa. Mimi nitagharamia madaftari. Kurasa za kwanza nimezijaza mwenyewe kwa yale ninayoyakumbuka ya wazee wale, ingawa majina niliyoyapata ni mawili tu.