Historia ya Tiba ya Mikono na Mgongo Uliopinda

Dumila, mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa uliokua kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, uko katika eneo ambalo tiba ya mikono ilitangulia hospitali kwa muda mrefu. Kabla wamisionari wa Kianglikana hawajajenga kituo huko Mamboya, katika nchi ya Wakaguru, karibu na mwaka 1880, maumivu ya mgongo yalichuliwa kwa mafuta au kukandwa kwa maji ya moto, na mfupa uliovunjika uliungwa na kufungwa banzi; ufundi huo haukufa zahanati zilipofunguliwa.

Ufundi unaofanana nao ulipewa jina na shule nchini Marekani. Mnamo Septemba 1895, mjini Davenport, D. D. Palmer alianzisha kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma pingili za uti wa mgongo kwa mikono, akidai kwamba pingili iliyohama huzuia kazi ya mishipa ya fahamu na kuleta takriban kila ugonjwa, dai ambalo sayansi haikulithibitisha. Novemba ya mwaka huohuo, nchini Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua eksirei, na ni eksirei iliyokuja kuipima tiba hiyo kwa haki, kwa sababu John Cobb alieleza mwaka 1948 namna ya kupima pembe ya mgongo katika picha, na leo skoliosisi, yaani uti wa mgongo kupinda upande huku pingili zikijizungusha, huhesabiwa kuanzia nyuzi 10.

Kairopraktiki inaweza kupunguza maumivu ya kiuno, lakini kwa kipimo hicho hakuna ushahidi madhubuti kwamba hunyoosha mgongo wa mtoto au huzuia usizidi kupinda. Kilichothibitika ni mkanda mgumu wa kiwiliwili: katika utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013, asilimia 72 ya vijana waliouvaa walimaliza kukua kabla pembe haijafika nyuzi 50, ilhali kwa waliofuatiliwa tu ilikuwa asilimia 48.

Kwa Tanzania, hata hivyo, jambo zito zaidi ni kwamba mgongo haupindi kwa sababu moja. Kifua kikuu, ambacho Percivall Pott alieleza madhara yake katika uti wa mgongo mwaka 1779, hula pingili mpaka zikaporomoka na kuacha kibiongo, na mgongo wa namna hiyo ukisukumwa kwa nguvu mgonjwa anaweza kupooza. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 kuhusu kairopraktiki unakataza kuusukuma.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwapa waganga nafasi rasmi, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, iko Dar es Salaam, mbali na Dumila. Kwa hiyo hatua ya kwanza hubaki kwa mzazi, mwalimu na mchuaji. William Adams wa London alionyesha katika karne ya 19 kwamba mtoto akiinama mbele, upande mmoja wa mbavu huinuka iwapo mgongo umejipinda, na uchunguzi huo hauhitaji mashine. Mtoto atakayeonekana hivyo, au mwenye kibiongo kinachoota, apelekwe akapigwe picha na kupimwa kifua kikuu kabla mkono wowote haujausukuma mgongo wake.