Imandwa na Karisi: Historia ya Njozi Iliyolea Sanaa na Utu Chini ya Volkeno za Goma

Katika nchi inayouzunguka mji wa Goma, mashariki ya Kongo, kuanzia ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu hadi Rutshuru, Masisi na misitu ya Walikale, hali ya mtu kuzama ndani mwake hata sauti nyingine ikanena kwa kinywa chake haikuhesabiwa zamani kuwa wazimu wala mchezo, bali ilikuwa elimu yenye walimu, madaraja, nyimbo na miiko yake. Wataalamu wa leo hutaja hali mbili zilizo karibu na hiyo. Ya kwanza ni hipnozi, ambamo usikivu wa mtu hukusanyika mahali pamoja na akili ikawa nyepesi kupokea maelekezo. Ya pili ni kupandwa, ambamo mtu hutenda na kusema kama kwamba mzimu au pepo ndiye anayemtumia. Hipnozi hufanyika aghalabu kati ya watu wawili katika utulivu, ilhali kupandwa hufanyika mbele ya kadamnasi, kwa nyimbo, makofi na manyanga; hata hivyo zote mbili zinategemea uwezo wa binadamu kuiacha kwa muda nafsi yake ya kila siku na kurudi akiwa na kitu ambacho hakuwa nacho alipoondoka. Historia ya Kivu inaonyesha kwamba thamani ya kitu hicho haikutokana na kuzama peke yake, bali na malezi yaliyokuzunguka kuzama huko.

Hukumu ya Paris

Huko Ulaya, historia ya hipnozi huanzia kwa Franz Anton Mesmer, tabibu wa Vienna aliyehamia Paris mwaka 1778, akidai kwamba mwilini mwa kila mtu hupita nguvu isiyoonekana, aliyoifananisha na sumaku, ambayo tabibu aweza kuielekeza ili mgonjwa apone. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI aliunda tume ya uchunguzi iliyowajumuisha Benjamin Franklin wa Marekani na mkemia Antoine Lavoisier, nayo ikahukumu kwamba nguvu hiyo haikuthibitika na kwamba kilichowatikisa wagonjwa ni fikra zao wenyewe. Hukumu hiyo ilikusudiwa kuufunga mjadala, lakini iliacha swali kubwa kuliko la kwanza, yaani fikra ni kitu gani hata iweze kuutikisa mwili kiasi hicho. Mwaka huohuo mwanafunzi wa Mesmer, Marquis de Puységur, aliona kwamba mkulima aliyekuwa akimtibu aliingia katika usingizi wa ajabu ambamo alinena kwa ufasaha kuliko alivyonena akiwa macho. Daktari Mskoti James Braid, aliyeshuhudia maonyesho ya aina hiyo mjini Manchester mwaka 1841, aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1843 kwa njia ya uzingativu na mishipa ya fahamu, akaziweka kando habari za sumaku. Karne iliyofuata, Mmarekani Milton Erickson (1901–1980) alifundisha kwamba uponyaji hautoki kwa tabibu, bali kwa hazina iliyokwisha kuwamo ndani ya mgonjwa mwenyewe, na mwaka 1955 Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali hipnozi kuwa njia ya tiba kwa baadhi ya maradhi.

Walichokigundua madaktari hao kilikuwa kikijulikana kwingi duniani kwa majina mengine. Mwanaanthropolojia Erika Bourguignon, katika kitabu cha mwaka 1973 kilicholinganisha jamii 488, aliona kwamba takriban asilimia 90 ya jamii hizo zilikuwa na utaratibu uliokubalika wa kuingia katika hali kama hizo. Jamii za Kivu zilikuwa na taratibu za aina hiyo, tena zilizopevuka.

Ryangombe na mti wa maua mekundu

Utaratibu ulioenea zaidi katika nchi za Maziwa Makuu ni kubandwa, yaani ibada ya kuwapokea imandwa, ambao ni mizimu ya mashujaa. Mkuu wao ni Ryangombe, ambaye Bashi na Bahavu wa Kivu humwita Lyangombe, ambaye nchini Burundi nafasi yake hushikwa na Kiranga, na ambaye habari zake zilifika hadi Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, ambako chama cha Baswezi kilimheshimu. Ibada hii ilivuka mipaka ya falme na ya lugha, na mwanahistoria Iris Berger, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1981, alionyesha kuwa iliwapa wanawake nafasi ya heshima ambayo siasa za mabaraza ya wafalme mara nyingi ziliwanyima.

Masimulizi yanaeleza kwamba Ryangombe alikuwa mwindaji na bingwa wa igisoro, yaani bao, na kwamba aliponea chupuchupu kushindwa na mpinzani wake katika mchezo huo kwa kusaidiwa na mwanawe Binego. Siku moja mama yake, aliyeota ndoto mbaya, alimkataza kwenda kuwinda, lakini shujaa hakusikia. Huko porini alikutana na msichana ambaye baadaye aligeuka nyati, akampiga pembe na kumrusha juu ya umuko, mti wa miiba wenye maua mekundu. Kabla ya kukata roho aliagiza kwamba watu wote, Wahutu, Watutsi na Watwa, waingizwe katika siri yake, kisha yeye na wenzake wakahamia mlima Karisimbi, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Waliopokewa katika ibada waliahidiwa makao ya baridi na ya raha katika mlima huo, na waliokataa walitishiwa moto wa Nyiragongo, volkeno ileile ambayo wakazi wa Goma huuona mwanga wake mwekundu usiku, na ambayo lava yake ilishuka mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Kwa hiyo milima inayoonekana kutoka mitaa ya Goma ilikuwa ramani ya maisha ya binadamu, na kila mtu alitakiwa kuchagua njia yake akiwa bado hai.

Mafunzo ya kupandwa

Padre Arnoux wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadre Weupe, aliandika maelezo marefu juu ya ibada hii miaka ya 1912 na 1913, na ingawa aliandika kama mpinzani wake, maelezo yake yanaonyesha wazi kwamba kubandwa ilikuwa shule. Aliyetaka kuingia hakuingia peke yake, bali alikuwa na mdhamini aliyehesabiwa kuwa mzazi wake wa pili. Sherehe ilifanyika karibu na umuko, ambako wakubwa waliokwisha kupandwa walivaa mavazi ya imandwa na kushika mikuki, wakabadili sauti na mwendo, mmoja akawa Ryangombe, mwingine Binego mkali asiyevumilia mzaha. Mgeni alitishwa, akadhihakiwa, akaamriwa kutenda mambo ambayo siku nyingine yangekuwa aibu, akala kiapo cha kutunza siri, na mwishowe akapewa undugu mpya pamoja na maneno ya lugha ambayo wasiopokewa hawakuielewa. Ngazi hii ya kwanza iliitwa kwatura, na baada yake ilikuwapo ya pili ambayo ndiyo iliyomthibitisha mtu, kwa kuwa mara moja haikutosha kumkomaza.

Katika utaratibu huo, ubunifu na ukuaji wa mtu havikutenganishwa. Aliyepandwa na Binego alipaswa kuijua hasira ya Binego, majigambo yake, nyimbo zake na namna yake ya kuushika mkuki, kisha ayatunge yote hayo upya papo hapo mbele ya watu waliomjua vyema yeye na jirani zake. Mwanamke mpole aliweza kunena kwa ukali wa shujaa wa kiume, maskini aliweza kuwaamuru wenye mali, na wote waliomsikiliza walikubali kwamba kwa saa ile asemaye si yeye. Mwanataaluma Mfaransa Michel Leiris, aliyechunguza ibada za pepo waitwao zar huko Gondar, Ethiopia, aliandika mwaka 1958 kwamba kupandwa kuna upande wa tamthilia ambao wahusika huuishi badala ya kuuigiza tu. Naye Gilbert Rouget, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu muziki na hali hizo, alikanusha dhana kwamba ngoma humpandisha mtu kwa nguvu ya mlio wake, akaeleza kwamba muziki huipa hali hiyo umbo, wakati na njia ya kurudi. Mafunzo ya imandwa yanamuunga mkono, kwa sababu asiyefundishwa nyimbo na lugha yao hakuwa na la kuleta hata kama angetetemeka usiku kucha.

Karisi, mzimu wa wasimulizi

Ushahidi ulio wazi kuliko wote wa uhusiano kati ya mizimu na sanaa unapatikana magharibi ya Goma, kwa Banyanga wa Walikale. Kwao neno karisi hutaja utenzi mrefu wa kishujaa, na papo hapo hutaja mzimu unaotaka utenzi huo uimbwe. Msimulizi huitwa She-Karisi, yaani baba wa Karisi, na huamini kwamba kwa kujifunza utenzi na kuuimba anakuwa na nguvu na kukingwa dhidi ya maradhi na mauti. Mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza She-Karisi Candi Rureke kwa muda wa siku 12, naye akaandika utenzi wa Mwindo, uliochapishwa mwaka 1969 kwa ushirikiano na mwanaisimu Mnyanga Kahombo Mateene. Kwa desturi msimulizi hutoa sehemu moja moja kwa jioni, hakuna aliyezoea kusikia yote kwa mfululizo, na kazi ya kuusimulia wote ilimchosha Rureke mwili na roho. Msimulizi hushika manyanga ya kibuyu mkononi, huimba, hucheza na kuigiza matendo ya shujaa, huku vijana kando yake, wakiwemo wanafunzi wake, wakiugonga mti mkavu kwa vijiti na kuitikia nyimbo. Wanafunzi hao walijifunza kwa kukaa ndani ya kazi yenyewe miaka mingi, mpaka maneno na mapigo yakawaingia.

Maudhui ya utenzi yenyewe ni habari ya kukua. Mwindo anazaliwa akiwa na nguvu za ajabu, anakataliwa na babaye Shemwindo, anamfuata hadi kuzimu na kupatana naye, lakini bado amejaa majivuno. Hapo ndipo Nkuba, bwana wa radi, anampeleka mbinguni, ambako mvua inamlowesha, jua linamchoma na baridi inamtesa, hata anarudi nyumbani akiwa mnyenyekevu, tayari kutawala kwa kiasi na kwa huruma. Ujumbe ni kwamba nguvu bila kufunzwa haitoshi, na kwamba safari ya nje ya dunia ya kawaida ina maana pale tu msafiri anaporudi akiwa mtu bora kwa jamaa zake.

Marufuku na unyamavu

Mamlaka za kikoloni ziliitambua nguvu iliyokuwamo katika elimu hii, na ndiyo sababu ziliipiga vita. Kaskazini ya volkeno, katika eneo linalogawanywa leo na Kongo, Uganda na Rwanda, watu walimheshimu Nyabingi, mzimu wa kike ambaye wasemaji wake waliitwa bagirwa. Mmoja wao, Muhumuza, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911 na kuhamishiwa Kampala, ambako alikaa hadi alipofariki mwaka 1945. Mwingine, Ndochibiri, aliyewasumbua Waingereza wa Kigezi, upande wa Uganda, pamoja na Wabelgiji wa upande wa Rutshuru, aliuawa mwaka 1919. Sheria ya uchawi ya Uganda ya mwaka 1912 ilitumika dhidi ya wafuasi wa Nyabingi, na kwa njia hiyo sauti iliyokuwa ikisema juu ya kodi, ardhi na dhuluma ikaandikwa katika majalada kuwa kosa la ushirikina. Wamisionari nao, waliofungua kituo cha Nyundo, jirani na Goma, mwaka 1901, waliwataka waongofu wao waviache vitu vya imandwa, na kizazi baada ya kizazi watu wakajifunza kuyaficha waliyoyajua.

Kwingineko Afrika elimu za namna hii zimepata kutambuliwa. Vimbuza, ngoma ya uponyaji ya Watumbuka wa Malawi, iliandikishwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mjini Kinshasa, mtafiti Ellen Corin aliichunguza ibada ya uponyaji iitwayo zebola, ambamo mwanamke anayeumwa hufundishwa ngoma na uimbaji, na aliyepona huweza kuwa mganga wa wengine, na John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ngoma za uponyaji tangu Kinshasa na Dar es Salaam hadi Cape Town, alieleza kwamba njia hiyo ya kutoka ugonjwani hadi ualimu ndiyo uti wa mgongo wa taasisi hizo zote.

Goma ya leo haina uhaba wa vipaji: kuna vijana wa filamu, ngoma na ushairi waliolelewa katika nyumba za utamaduni kama Yole!Africa na Foyer Culturel, na hapo ndipo Tamasha la Amani lilipoanzia mwaka 2014. Kinachopungua ni uzi unaowaunganisha na elimu ya sanaa iliyokuwapo hapohapo. Vita vimevihamisha vijiji vingi vya Masisi, Rutshuru na Walikale, na wazee wanaojua nyimbo za imandwa au sura za Karisi wametawanyika kambini na mijini, mbali na wanafunzi wao. Hakuna haja ya Mkristo au Mwislamu wa Goma kuiacha imani yake ili aujue urithi huu, kama vile hakuna aliyehitaji kumwamini Mesmer ili ajifunze kutoka kwa Braid. Chuo Kikuu cha Goma, nyumba za utamaduni na makanisa yenyewe, ambayo maktaba zake zina maandishi ya wamisionari, vina wajibu wa kuwatafuta wazee hao sasa, kuwarekodi kwa ridhaa yao katika Kinyanga, Kihunde, Kihavu na Kinyarwanda, kuyafasiri maneno yao kwa Kiswahili, na kuzitunza kumbukumbu hizo hapa Goma, ambako wajukuu wao wataweza kuzisikiliza.