Jumba la Oserian

Ewe msomaji, ukitoka Bondeni mjini Nakuru ukashika njia ya kusini, utafika Ziwa Naivasha. Huko ndiko liliko jumba jeupe la Oserian, ambalo masetla waliliita Jumba la Majini. Cyril Ramsay-Hill alilijenga katika miaka ya 1920. Mkewe, Mary, akapendana na Lord Erroll, kabaila wa Skoti. Wakaoana mwaka 1930, na jumba likawa lao, mjenzi akalikosa.

Mary akafa mwaka 1939. Punde Erroll akampenda Diana, mke mpya wa Sir Jock Delves Broughton. Tarehe 24 Januari 1941 Erroll alikutwa garini, karibu na Nairobi, amepigwa risasi. Broughton alishtakiwa, akaachiliwa.

Mwaka 1943 Diana akaolewa na Gilbert Colvile, naye akamnunulia jumba lile lile! Mwaka 1955 akamwacha, akaolewa na Lord Delamere; hata hivyo Colvile alimrithisha mali yake.

Na Wamasai, walioondoshwa Naivasha kwa mkataba wa 1904? Katika ugomvi huo wa urithi hakuna aliyewauliza. Colvile, Diana na Delamere wamezikwa pamoja Ndabibi.