Kutoka Salaita hadi kioo kinachoshika mfupa

Reli ya zamani ya Voi kwenda Taveta, nchini Kenya, ni mtoto wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walianza kuitandika mwaka 1915 kupitia Mwatate, Bura na Maktau, ili wawatoe Wajerumani walioiteka Taveta Agosti 1914. Nimeifuata njia hiyo hadi kilima cha Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ilikitwanga kilele chake, kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, vichakani. Askari wa Afrika Kusini waliosogea mbele walipigwa vibaya wakarudi nyuma. Makaburi ya vita hivyo yapo Voi na Taveta hadi leo.

Enzi hizo, mfupa uliosagwa na risasi mara nyingi uliishia kukatwa kiungo. Hata vyuma vilivyokuja baadaye, mwili uliviona ni vigeni ukavizungushia kovu.

Mlango ulifunguliwa na vita vingine. Mwaka 1967 kanali wa Marekani aliyetoka Vietnam alimuuliza Larry Hench, mtaalamu wa kauri, kama anaweza kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa. Hench alichanganya silika, sodiamu, kalsiamu na fosfati akapata kioo, kikapandikizwa kwenye mifupa ya panya. Baada ya wiki sita hakikung'oka.

Siri yake ni kwamba kioo hicho huyeyuka kidogo. Sodiamu hutoka, majimaji ya mwili huingia, na juu yake hubaki tabaka laini la silika, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Kalsiamu na fosfati hujikusanya hapo, zikaganda kuwa apatiti, madini yale yale ya mfupa. Seli hushika hapo na kuanza kujenga.

Tsavorite, kito cha kijani cha Taita, nayo ina silika na kalsiamu. Lakini fuwele yake imefungamana mno. Haiachii chochote, ndiyo maana hung'aa tu.

Kioo cha Hench huvunjika kirahisi, hakiwezi kubeba uzito kwenye mfupa wa paja; hutumika kujaza mashimo ya mifupa na taya. Huko Japani, mtafiti Kokubo alipasha joto kioo cha aina hii hadi fuwele zikaota ndani yake, akapata kauri imara zaidi, iliyofaa hata uti wa mgongo.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa migodi. Wodi zetu zimejaa waliovunjwa mifupa na ajali za bodaboda. Kwa hiyo chuo hicho kianze na tanuri moja la kuyeyushia kioo hiki, na kaunti ilipie.