Sarafu ya tembo ya Tabora: uhaba na hamu ya wakusanyaji hupangaje bei?

Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, zilifuliwa sarafu ambazo leo bei zake hazikaribiani hata kidogo. Ya dhahabu, yenye thamani ya rupia 15, huuzwa katika minada ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola. Ya heller 20, iliyotoka katika karakana hiyohiyo mwaka huohuo, aghalabu hupatikana kwa makumi ya dola au chini ya hapo. Tofauti hiyo haitokani na umri, wala haitokani na madini peke yake. Inatokana na mambo mawili: sarafu zilizobaki ni ngapi, na wanaozitaka ni wangapi.

Fedha ya wakati wa vita

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza ziliziba njia ya bahari kuelekea Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni lililojumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi. Shehena za sarafu kutoka Ujerumani zilipokatika, watawala waliamua kufua za kwao Tabora, wakitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ulioko leo mkoani Singida. Upande mmoja uliwekwa tai wa dola ya Ujerumani. Upande wa pili, tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima.

Sarafu hizo zilifuliwa takriban 16,200 tu. Tarehe 19 Septemba 1916, majeshi ya Ubelgiji yaliyotoka Kongo, ambayo askari wake wengi walikuwa Wakongo, yaliuteka mji wa Tabora. Heller 20, kwa upande wake, zilifuliwa zaidi ya milioni moja, kwa ajili ya matumizi ya kila siku. Jina la heller ndilo lililotupatia neno "hela".

Sarafu ya tembo ina takriban gramu 5.4 za dhahabu safi, lakini bei yake mnadani hupita mara kadhaa thamani ya dhahabu hiyo. Kinachoipandisha ni kwamba inatafutwa na makundi kadhaa kwa pamoja: wanaokusanya sarafu za makoloni ya Ujerumani, wanaofuatilia historia ya vita, na wanaopenda sarafu zenye picha za wanyama. Wote hao wanagombea hazina ileile ndogo.

Mfalme mmoja, bei mbili

Mfano mwingine ni wa Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza, aliyejiuzulu Desemba 1936 kabla ya kutawazwa. Sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa umma. Zilibaki chache za majaribio. Mwaka 2020, moja ya dhahabu iliuzwa kwa pauni milioni 1.

Hata hivyo, jina la mfalme huyohuyo limo kwenye senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zile zenye tundu katikati. Zilifuliwa kwa mamilioni na kutumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Hadi leo ni rahisi kupatikana, na bei yake ni ndogo.

Uhaba unaoweza kutoweka

Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu unaweza pia kupotosha. Riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Arabuni, Uhabeshi na pwani ya Afrika Mashariki, ina mwaka 1780, ilhali iliendelea kufuliwa kwa mwaka huohuo hadi zama zetu.

Aidha, uhaba wenyewe si wa kudumu. Nchini Marekani, dola ya fedha iliyofuliwa New Orleans mwaka 1903 ilihesabiwa kuwa adimu mno, na ile isiyotumika ilikadiriwa kuwa na bei ya zaidi ya dola 1,000. Mwishoni mwa mwaka 1962, Hazina ya nchi hiyo ilifungua mifuko iliyokaa ghalani kwa miongo mingi, na ndani yake zikakutwa sarafu hizo kwa wingi. Bei ilianguka hadi makumi ya dola.

Kwa mwenye sarafu nyumbani

Hali ya sarafu nayo huhesabiwa. Wataalamu huipima kwa kipimo cha 1 hadi 70, na sarafu mbili za aina moja zinaweza kupishana sana kwa bei kwa sababu ya mikwaruzo tu. Kuisugua kwa mchanga, majivu au dawa ya meno ili ing'are huishusha thamani, na hasara hiyo hairekebishiki. Bidhaa za kughushi nazo ni nyingi, hasa za sarafu ghali kama hii ya Tabora.

Kwa hiyo, mwenye sarafu ya zamani anaweza kukosea kwa namna mbili: kudhani kila kilicho kizee ni utajiri, au kukubali bei ya madini kwa kitu ambacho wengine wanakigombea. Njia ya salama ni kutambua kwanza aina, mwaka na alama zake, kisha kulinganisha na bei ambazo sarafu kama hiyo imeuzwa kweli mnadani, si bei zinazotajwa tu na wauzaji. Anayepimiwa dhahabu yake kwa mizani bila kuulizwa ni sarafu gani, ana sababu ya kutoharakisha kuuza.