Nachingwea hadi Dar es Salaam: Kilomita na Saa

Chukueni daftari na kalamu. Mmoja wenu aandike ubaoni hesabu mbili: 390 na 260. Tutazirudia punde.

Zamani mtu wa Chinongwe hakuuliza mahali ni kilomita ngapi. Aliuliza ni mwendo wa siku ngapi. Naye alikuwa na haki, kwa maana njia ni ile ile kiangazi na masika, lakini siku hazilingani.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, kwa sababu baada ya vita Waingereza walikosa mafuta ya kula. Palichaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Huku kwetu kusini hapakuwa na reli. Basi mashine ziliteremshwa Mkwaya, karibu na Lindi, na reli ikajengwa hata ikafika Nachingwea mwaka 1949. Kiwanja cha ndege kikatengenezwa pia. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimepotea. Bandari ya Mtwara, iliyokusudiwa kupakia karanga hizo, ilifunguliwa mwaka 1954, wakati mpango wenyewe umekwisha kufa!

Sasa tazameni ubaoni. Kutoka kiwanja cha Nachingwea hadi cha Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 390. Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, lililoanza mwaka 1946, lilitumia kwa miaka mingi ndege aina ya Dakota, ambayo iliweza kwenda kama kilomita 260 kwa saa. Gawanyeni. Mmepata saa moja na nusu? Vema. Lakini hiyo ni ndege isiyotua njiani.

Aliye chini alikuwa na hesabu nyingine. Barabara ya kupita Lindi ni zaidi ya kilomita 500, na mbele yake uko mto Rufiji. Mto huo ulivukwa kwa kivuko. Masika maji yalipofurika na udongo ukalowa, magari yalikaa siku nyingi yakingoja. Fikirini mgonjwa anayetakiwa hospitali ya Dar es Salaam. Kama ana nauli ya ndege, yuko umbali wa saa moja na nusu. Kama hana, hakuna awezaye kumwambia siku atakayofika. Na Dakota yenyewe haikuchukua watu wengi, kama 30 tu.

Reli ilifungwa mwaka 1962 kwa kuwa mizigo haikutosha, kisha ikang'olewa. Mimi naona hasara hii ilituuma kuliko ile ya pauni. Pauni zilikuwa za Waingereza, lakini gunia la mkulima lilibaki likingoja lori. Shirika la ndege nalo likavunjika mwaka 1977. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, na tangu hapo gari halingoji kivuko.

Zoezi la leo: lori linakwenda kilomita 50 kwa saa. Litatumia saa ngapi katika kilomita 500? Kisha ongezeni siku 4 za kungoja kivuko, mwandike jumla yote kwa saa. Mwalimu wenu atasahihisha.