Mwaliko, Mtatariko na Kidoko: Historia Fupi ya Kelele za Santuri

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wapigaji wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili nyimbo zao za taarabu zinaswe katika sahani za santuri. Anayebahatika leo kuisikiliza mojawapo ya sahani hizo husikia kwanza, kabla ya sauti ya Siti, sauti ya sahani yenyewe: mtatariko kama wa mafuta ya kukaangia, na juu yake mialiko mikali, ta! ta!, inayorudi kwa kipimo. Kelele hizi zimeingia katika maandishi ya watafsiri wetu bila ya kuwa na majina yaliyokubaliwa na wote.

Chanzo chake ni maumbile ya chombo. Edison alipoinasa sauti mwaka 1877 alitumia karatasi ya bati iliyozungushwa juu ya mcheduara. Miaka kumi baadaye Berliner akaleta sahani bapa. Sahani za zama za Siti zilikuwa za shelaki, yaani utomvu unaotokana na wadudu wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliipa sahani ugumu, na uliinoa sindano ya chuma hata ikaukaa mfereji wake sawasawa. Lakini chembe zake ndizo zilizoleta mtatariko. Mwaliko ni jambo jingine. Mkwaruzo mmoja uliokata mifereji uliirusha sindano kila sahani ilipozunguka, na kwa kuwa sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika, mialiko nayo ilifika 78. Msikilizaji akapewa ngoma asiyoiomba.

Sahani za plastiki zilizotoka mwaka 1948 ziliupunguza sana mtatariko, ila katika ukimya huo chembe moja ya vumbi ikawa inasikika zaidi kuliko zamani. Katika utepe wa sumaku, mwaliko ulitokea palipoungwa vibaya. Ndiyo maana mafundi wa redio waliukata utepe kwa mshazari, ili sauti moja iingie katika nyingine polepole. Siku hizi sauti huhifadhiwa kwa tarakimu, vipimo 44,100 kwa sekunde katika diski songamano, na vipimo vichache vikipotea mwaliko hurudi palepale.

Sasa tuyapime maneno. “Kelele” ni pana mno. “Mkwaruzo” hutaja jeraha la sahani, wala si mlio wake. “Mwaliko”, kutokana na kitenzi kualika, kama vidole vinavyoalika, ni neno la asili na linatosha kabisa. Pingamizi pekee ni kwamba wengi wakilisikia hufikiria kadi ya harusi. Nakiri kuwa agizo la “kuondoa mialiko yote” laweza kumshtua karani. Hata hivyo muktadha huondoa shaka, kama unavyoiondoa katika maneno mengine mengi yenye maana mbili.

Hatari ya kweli imo katika “kidoko”, ambalo baadhi ya wafasiri hulipendelea kwa ufupi wake. Neno hili lina kazi yake tayari: wanaisimu hulitumia kwa konsonanti zile zinazotamkwa kwa kuvuta ulimi, kama zilivyo katika Kisandawe na Kihadza. Katika miaka ya 1980 utafiti ulioihusisha hifadhi ya sauti ya taifa ya Uingereza na Chuo Kikuu cha Cambridge ulizaa mtambo wa kuondoa mialiko, na leo kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta. Programu hizo hutafuta mshtuko mfupi wa ghafla usiofanana na sauti iliyo kando yake. Kidoko cha Msandawe nacho ni mshtuko mfupi wa ghafla. Fundi aliyeandikiwa “ondoa vidoko”, akaletewa utepe wa masimulizi ya mzee wa Kisandawe, akitii agizo neno kwa neno ataziharibu konsonanti za msimulizi, na huenda mzee huyo hayupo tena wa kurudia.

Kwa hiyo napendekeza mwaliko kwa mlio mmoja wa chombo, mtatariko kwa mfululizo wake, na kidoko kibaki cha ulimi. Wanaotayarisha fomu za hifadhi waongeze safu moja, ya lugha ya msemaji, na waiweke kabla ya safu ya usafishaji.